Rangi ya Kwa Mama

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Mikate iliisha mbele ya saa tatu. Watoto wa masomo walinunua yote, mwalimu mumoja akakuta sahani tupu. Alisikitika kabisa. Mikate yangu ya mafuta haikosaka wateja, Kasongo yote inajua. Nilifunika karai, nikanawa mikono, nikarudi haraka kuona kama fundi alifika.

Alifika. Fundi Mulamba, mupaka rangi. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, anakula mukate ule nilimuachia. Kazi bado.

Chumba ni cha Feza, binti yangu. Anakuja kuzaa kwangu. Mutoto wa kwanza anazaliwa kwa mama ya binti, ndivyo tunafanyaka, na hata mukwe wetu wa Salamabila, mama ya bwana ya Feza, hawezi kubadilisha. Alijaribu. Alisema kwake chumba kiko tayari, kina rangi, hospitali iko karibu, sababu gani kumupandisha mutoto ku moto, ku pikipiki, na tumbo kubwa. Nilimujibu kwa heshima. Moyoni hapana.

Naandika mu kaye ya zamani ya Feza, ile ya jiografia. Nusu ilibaki nyeupe. Mutoto aliandika maneno madogo-madogo, hakuharibu karatasi. Ndiyo maana leo anavaa bluzi nyeupe ya hospitali na watu wazima wanasimama akipita. Miye niliishia darasa la sita. Lakini nani alimuzaa? Si darasa la sita.

Nilimupa jina ya mama yangu muzazi. Kwa hiyo tangu siku ile namuita mama. Mama, kula. Mama, nani amekupiga? Watu wageni wanashangaa, mwanamuke muzima anamuita mutoto wake mama. Washangae.

Jumanne, tarehe 7

Fundi alileta makopo matatu. Alipaka vipande vitatu ku ukuta, kila kimoja kama sahani. Ya kwanza inaitwa abriko. Ya pili pesh. Ya tatu somo.

Nikauliza abriko ni nini.

"Tunda ya Wazungu, Mama Feza."

Na pesh?

"Tunda ya Wazungu."

Na somo?

"Hiyo ni samaki."

Hajakula hata moja. Miye pia. Niliyapa majina yangu. Ya kwanza: paipai. Ya pili: paipai ya jana. Ya tatu: mukate mbele ya kuugeuza. Nilisimama mulangoni, nikasimama dirishani, nikatoka nje nikaingia tena kama mugeni. Yote yanafanana. Nikiangalia sana, hayafanani. Nikiangalia sana zaidi, yanafanana.

Papa Feza alichungulia. "Yote ni njano," akasema, akaenda. Bwana huyu unaweza kumulaza ndani ya gunia, asubuhi atakushukuru.

Mama Riziki, jirani, naye alileta macho yake. "Weye Mama Feza, mutoto anakuja kuzaa ama anakuja kuoana na ukuta?" Tulicheka. Yeye zaidi. Ana binti watatu, wote waliolewa, na hakuna hata mumoja alirudi kuzaa kwake. Sikumuambia. Naandika tu hapa.

Jumatano, tarehe 8

Mvua. Fundi hakuja. Nimechagua paipai ya jana.

Alhamisi, tarehe 9

Feza alituma vokali, ujumbe wa sauti, ku telefone ya baba yake. Nilisikiliza mara ine, mara ya tano Papa Feza alichukua telefone yake.

Sauti yake nzuri. Alisema tumbo iko sawa, mutoto anapiga teke kama anavunja mulango. Siku ya Jumanne bwana yake, Amisi, atamuleta. Halafu akasema hivi, naandika neno kwa neno: "Mama, kama munapaka chumba, pakeni ile rangi ya kwa mama. Ile tu. Nitalala vizuri."

Ya kwa mama.

Mama gani? Mama ni miye. Na kwangu ni hapa, na hapa ukuta ulikuwa simenti tupu mpaka juzi. Basi kwa mama ni Salamabila. Ni kwa Salima, mama ya Amisi, mwenye chumba na rangi na hospitali karibu. Sasa anamuita mama. Si mama mukwe. Si mama ya Amisi. Mama, bila kitu nyuma.

Papa Feza alisema: "Si umuulize mutoto?" Sitamuuliza. Mutu hamuulizi mutoto wake "mama yako ni nani".

Wivu. Neno ni hili, nimeliandika nilione. Nilimubeba mugongoni kutoka Wamaza, kijiji chetu cha zamani, siku ile tulikimbia vita, alikuwa na miaka tisa, miguu yake ilifika kwenye magoti yangu, nikamubeba. Salima alikuwa wapi?

Ijumaa, tarehe 10

Nilichoma mikate. Karai nzima. Mwalimu yule yule alikuja, akaangalia, akasema "ah". Mara ya kwanza mu miaka yangu yote ya kukaanga.

Nilimukamata motari mumoja, dereva wa pikipiki anayepeleka mizigo Salamabila. Anaijua nyumba ya Salima, alishaingia mpaka ndani. Nikamuuliza rangi ya kile chumba. Akafikiri, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Mama, ni kama shavu ya Muzungu akikaa mu jua."

Hiyo siwezi kuiomba dukani.

Nikapiga simu mwenyewe kwa Salima. Sauti yangu ilikuwa sukari, nilijisikia nikachoka. Habari ya huko, habari ya watu, habari ya mvua, na eti mukwe wangu, rangi yako ile nzuri unaiitaje? Alifurahi! Kama mutu aliyekuwa anangojea tangu mwaka jana. Hakukumbuka jina. "Lakini nilibakisha nusu kopo, mukwe wangu. Kesho naituma. Ni kwa mutoto wetu."

Wetu.

Jumapili, tarehe 12

Sikuenda kanisani. Nilisema mugongo. Mugongo haukuwa na kitu.

Kopo ilifika jana mangaribi, imefungwa mu kipande cha kitenge, na juu yake kipande cha sabuni na salamu ndefu. Leo, mwanga ukiwa mwingi, nilipaka kidogo ku ukuta pembeni ya vile vitatu. Iko kati ya paipai ya jana na mukate. Kidole kimoja tu cha tofauti. Mutu mwingine hataona.

Miye naona. Iko nzuri kuliko zote tatu. Nilikaa chini sakafuni nikaichukia.

Jumatatu, tarehe 13

Naandika mikono ikiwa na rangi. Kaye inachafuka. Ichafuke.

Fundi alikuja asubuhi, nikamuambia achanganye kopo ya Salima na ile abriko ya duka, ili isifanane na ya mutu. Alikataa. Alisema ya Salima ni rangi ya mafuta, ya duka ni rangi ya maji, hazioani. Alipoenda kula, nilichanganya mwenyewe. Miaka yote hii nachanganya unga na maji na chachu, nani atanifundisha kukoroga?

Mwanzo ilikubali. Nilipaka ukuta wa kwanza, nikaimba. Ukuta wa pili. Kwenye wa tatu niliona kitu. Nikarudi nyuma. Ule wa kwanza ulikuwa umeanza kukatika kama maziwa yaliyolala, madonge hapa, machozi pale, na rangi yenyewe ilienda ikawa muchuzi wa maharage wa siku mbili.

Fundi alirudi, akasimama mulangoni na kijiti mu meno. Akaanza kufunika makopo yake. Afazali angenitukana.

Papa Feza aliingia, akaangalia muda mrefu kuliko siku zote. "Sasa hii," akasema, "hii si njano."

Kesho wanafika. Nimelia kidogo, nyuma ya jiko.

Jumanne, tarehe 14

Walikuja saa nane, moto mbili.

Ya kwanza Amisi na Feza. Tope mpaka kwenye magoti, tumbo mbele kama ngoma, na uso, ah, ule uso. Mutaa muzima ulitoka kumuangalia. Nilisema kwa sauti ili Mama Riziki asikie: "Mama yangu amefika! Munganga wangu amefika!"

Ya pili ilileta Salima. Na mufuko, na jogoo, na mukeka wake wa kulalia. Hakuna mutu alimuita. Nilimukumbatia. Alinikumbatia. Jogoo alikuwa katikati.

Feza aliingia chumbani moja kwa moja. Nilimufuata, Salima akanifuata, wanaume wakafuata. Akasimama katikati. Akaangalia kuta tatu zile za muchuzi, akaangalia ya ine yenye sahani zake za rangi. Akashika mudomo.

"Mama. Hii ni rangi gani?"

Nikasema: "Si ulitaka ya kwa mama?" Na nikamuangalia Salima, sikuweza kujizuia.

Feza alianza kucheka, akashika tumbo, akakaa ku kitanda. "Kwa mama, Wamaza! Kwangu miye! Si weye ulikuwa unasema hivyo? 'Mama, enda ulale. Nani ameacha ndala hapa kwa mama? Fagia kwa mama.' Nilikua nikifikiri chumba kile kinaitwa hivyo!"

Kweli. Kwa mama. Kilikuwa chumba chake. Kidogo, dirisha moja kama sahani. Nilikisiliba kwa mikono yangu na udongo wa njano wa kule mutoni, nikaweka majivu kidogo, na vidole vyangu vilibaki vimechorwa ku ukuta. Alikuwa anaweka vidole vyake ndani ya njia za vidole vyangu mpaka usingizi unakuja. Namna gani nilisahau? Mutoto alisema kwa mama, na mama alikuwa yeye. Ni miye nilimuita hivyo maisha yake yote, halafu nikasikia jina ya mutu mwingine.

Salima alikuwa amekaribia ukuta. Akagusa donge moja.

"Hii ni kopo yangu?"

Jogoo akawika.

"Ni kopo yako," nikasema. "Niliichanganya na nyingine. Sikutaka ifanane na ya kwako."

Nimesema hivyo mbele ya watu wote. Papa Feza alikohoa kama mutu aliyekwamwa na ugali. Salima hakukasirika. Aliendelea kuvunja lile donge na ukucha, pole-pole.

"Mukwe wangu, ile rangi haikuwa ya kwangu," akasema. "Huyu mutoto alipokuja kwangu alikaa mwezi bila usingizi. Nikamuuliza: mwanangu, ulizoea kulala wapi? Akanieleza ukuta wako. Nikazunguka Salamabila yote, duka kwa duka, kutafuta udongo wako mu makopo. Ile ndiyo ilikaribia. Alisema imekaribia, kwa heshima tu."

Feza akainamisha kichwa. "Ilikaribia kweli, mama," akamuambia.

Mama. Sasa nilimuelewa, na bado ilinichoma.

Jumatano, tarehe 15

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi. Kuta za Salamabila zilikuwa zinanitafuta miye! Nitamuambia Mama Riziki, hata kesho.

Lakini kuna kitu kinanisumbua, nakiandika ili kitoke. Salima alimuuliza. Mwezi mumoja tu alimukaribisha, na akauliza. Miye miaka ishirini na sita, na wiki iliyopita telefone ilikuwa mu mukono wangu, bwana yangu akaniambia uliza, nikakataa. Nina wivu na yeye kwa swali hilo. Si kwa rangi tena. Kwa swali.

Leo nimemuuliza Feza: mama, unataka nini? Akasema ukuta mumoja tu, ule wa mbele ya kitanda. Zingine ziache, ananiambia, zitamufanya acheke wakati wa uchungu.

Jumamosi, tarehe 18

Siku mbili za kukwangua. Udongo haushikani na rangi ya mafuta, lazima ufike ku simenti yenyewe. Tulikwangua miye na Salima, kila mumoja na kijiko cha zamani. Papa Feza alileta udongo gunia mbili kutoka mutoni, nyuma ya soko. Si sawa na wa Wamaza, huu una wekundu zaidi. Nikasema tuongeze majivu. Salima akasema maji. Nikasema weye unaweka maji mengi, itapasuka. Akasema, "Mukwe, mutu aliyepika ule muchuzi ku ukuta, atanifundisha?" Mama Riziki alisikia kutoka kwake, akacheka mpaka akaangusha ndoo. Miye pia nilicheka. Kweli nilicheka, si kwa heshima.

Nilimuachia kupaka sehemu ya chini. Anapaka vizuri. Mikono yake mikubwa, vidole vinaacha njia pana. Juu njia ni zangu, chini ni zake. Ningetaka zote ziwe zangu.

Feza alikuja kuangalia wakati ukuta bado mubichi. Alisema: "Una wekundu kidogo." Halafu akalala pale pale mchana, mudomo wazi, mpaka jua likashuka.

Jumanne, tarehe 21

Amezaliwa. Binti. Saa kumi na moja za mangaribi, ku maternite ya hospitali. Nywele nyingi sana. Masikio ni ya upande wetu, mutu asinibishie.

Feza mwenyewe aliwaelekeza waganga namna ya kufanya, kati ya uchungu na uchungu. Mukunga mumoja aliniambia: "Binti yako, mama, hata akilia anatoa amri." Nilimujibu ndivyo nilimulea.

Nimechoka. Nimefurahi.

Ijumaa, tarehe 24

Jina.

Nilijua. Mutoto wa kwanza, upande wa baba ndio unatoa jina, kila mutu anajua. Nilijua na bado nilitumaini, kama mujinga. Usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimejiambia labda Amisi atasema Feza mudogo, ama jina yangu. Angalau akaulize.

Amisi alimubeba mutoto mbele yetu sisi wote, akasema: Salima. Halafu akamuinamia akamuita mama. Salima mukubwa akafunika uso na kitenge. Alilia kabisa, mabega yakatikisika. Miye nilipiga vigelegele vya kwanza. Vilikuwa vya nguvu. Hakuna mutu atasema sikupiga.

Baadaye nilienda nyuma ya jiko, pale pangu. Nikamukumbuka mama ya Papa Feza. Siku alizaliwa Feza ilikuwa zamu ya upande wao, na Papa Feza akaniachia miye, sababu nilikuwa nimeugua sana. Nikaweka jina ya mama yangu. Yule mama muzee hakuniongelesha misimu miwili ya mvua. Nilisema ana roho mbaya, niliwaambia watu wengi. Alikufa kabla sisi hatujakimbia. Sikumuambia pole hata siku moja. Leo nimesema pole, kwa moshi, hakuna mwingine alikuwa pale.

Jumanne, tarehe 28

Salima alirudi Salamabila na Amisi jana. Nilimufungia mafuta ya mawese na mikate ya njiani. Alitaka nimuandikie namna ya chachu. Nikaandika, lakini kipimo kimoja nilikiacha. Nitamuambia akipiga simu.

Nyumba iko kimya. Mvua ilianza asubuhi, si kali. Sikuenda kukaanga. Papa Feza yuko shambani. Feza amelala kwa upande wake, mukono mumoja umegusa ukuta.

Mutoto alianza kulia, nikamutoa haraka asimuamshe mama yake. Nikamuzungusha huku na huku mu salo, pale sebuleni. Wiki nzima namuita mutoto. Namuita weye. Namuita kitumbo, namuita bibi mudogo, namuita kila kitu. Alilia tu.

Nikasema: Salima.

Ilitoka ngumu, kama mutu anayeongea na mukate mu mudomo. Alinyamaza, akaniangalia. Si sababu ya jina. Alikuwa na hewa tumboni, nilisikia ikitoka.

Nikasema tena.